Siku Hulipwa kwa Siku

Simu yangu iliita tukiwa tumebakiza watu wawili tu kufika kwenye dirisha la pasipoti, na jina lililotokea kwenye kioo likanikata maini. Madam Hessa, mama yake Lamya. Uwanja wa ndege wa Jeddah, tulikobadilishia ndege kutoka Riyadh, una baridi ya mashine ya kumtoa mtu meno, lakini mimi jasho lilinitiririka mgongoni. Lamya mwenyewe alikuwa mbele yangu, miaka kumi na sita, begi mgongoni, shingo imekakamaa. Aliusikia ule mlio na hakugeuka.

Niliiacha simu ikalia mpaka ikakatika. Ikaanza tena.

Madam Hessa alikuwa ameachana na mumewe, mahakama ikamwachia mtoto, na idhini ya binti yake kuvuka mpaka alikuwa ameitoa kwa kidole kimoja, kwenye simu, akiwa amejikalia kochini. Kwa kidole hichohicho angeweza kuifuta. Ndiyo miaka ile mambo yalipokuwa yakibadilika kila kukicha: wanawake waliokuwa wakiomba ruhusa sasa walikuwa wakiitoa, na sisi walimu wageni tulikuwa tukijifunza kuogopa watu wapya.

Niliogopa kwa sababu nilijua jambo ambalo Madam Hessa hakulijua. Wazazi walikuwa wameambiwa kwamba wasichana tisa na walimu wawili wanakwenda Ufilipino, kwenye milima ya kaskazini, kujifunza jinsi watu wa Ifugao wanavyolima mpunga kwenye majaruba yaliyopandana kama ngazi. Hilo lilikuwa kweli tupu. Ila katika bonde tulilolichagua aliishi mwanamke aliyemlea Lamya, na hilo hakuna mzazi aliyeambiwa.

Mimi ni mtu wa Bunyala, kule mto Nzoia unakomwagia hasira zake ziwani. Kwetu mpunga hulimwa tambarare, na mama yangu alinizaa msimu wa kuuvuna, ndiyo maana nikaitwa Nekesa. Nilipopata kazi ya kufundisha jiografia katika shule ya wasichana mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, niliufundisha mpunga kwa bidii iliyozidi kiasi, mpaka wanafunzi wakawa wananitania kwamba Miss anaupenda wali kuliko mume. Lamya peke yake hakucheka. Siku moja alibaki darasani akaniuliza kama tungeweza kwenda kuyaona yale majaruba ya kwenye picha, na alipouliza akalitaja bonde kwa jina. Nilivimba kichwa. Nilidhani hatimaye nimempata mwanafunzi.

Aliyenitoa ukungu machoni ni Beldina, mfanyakazi wa nyumbani kwao, mtu wa Siaya, aliyekuwa akija na dereva kila adhuhuri kumchukua Lamya. Wasichana walikuwa bado ndani siku hiyo. Akashuka garini akanivuta kando ya geti.

"Teacher, nikuambie kitu, lakini hujakitoa kwangu."

"Sema, mdogo wangu."

"Huyo mtoto hana haja na mchele. Anamtaka Perla. Yule Mfilipino alikuwa kwa hiyo nyumba kabla nije. Alimlea miaka kumi na mmoja, tangu akiwa wa kubebwa. Sasa siku moja mtoto akawa mgonjwa, homa imempanda, akamwita Perla mama. Na Madam amesimama hapo hapo! Kesho yake akitoka shule, Perla hayuko. Ticket, airport, halas. Hata kuagana, mafi, hakuna. Mpaka leo hilo jina halitajwi kwa hiyo nyumba."

"Na wewe umejuaje yote haya?"

"Si ndiyo nalala kwa kitanda chake? Huyo mtoto huja anakaa hapo kwa ukingo, haongei, halafu anaenda." Akaliangalia gari. "Watu husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Sawa. Lakini ukilea sana hapa, pia hiyo ni makosa. Madam akijua, wewe utatafuta kazi ingine. Mimi nitawekwa kwa ndege, na watoto wangu wanasoma na hii ikama, hiki kibali cha kukaa hapa."

Nilimwuliza Lamya waziwazi, na hakukana. "Nataka kumuaga tu, Miss," aliniambia. "Hawakuniacha nimuage." Alilisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeomba kwenda msalani. Nilikusudia kumweleza mama yake. Nikasema kesho, na kesho nayo ikawa na kesho yake, mpaka nikajikuta Jeddah na simu inalia mkononi.

Nikapokea.

"Mwalimu, geuka," sauti ikasema.

Alikuwa amesimama nyuma ya kizuizi, abaya nyeusi, miwani ya jua juu ya kichwa. Nilikuwa nimesahau kwamba kila kiangazi Madam Hessa hukaa kwa mama yake mzazi mjini humo. Nilitoka mstarini nikamwendea. Akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na dawa ya pumu ya kuvuta, ambayo Lamya alikuwa ameiacha mezani kwa bibi yake alipokwenda kuwaaga siku mbili kabla. Nilipoishika, yeye hakuiachia.

"Watu wa huko ni wema?" akaniuliza.

"Ni wakulima, Madam," nilijibu, jibu la kipumbavu, kana kwamba wakulima hawana wabaya wao.

Akanitazama mpaka nikadhani anayasoma yote usoni mwangu. Kisha akaiachia ile dawa. "Mrudishe."

"Nitamrudisha."

Mama na binti walipungiana mikono kwa mbali, kama majirani. Pasipoti ya Lamya ikagongwa muhuri. Wenzake walishangilia, lakini mimi nilizidi kuogopa, kwa kuwa sasa hakukuwa tena na wa kunizuia.

Majaruba ya Ifugao nimeyasimulia mara nyingi na sijawahi kuyatendea haki. Mlima mzima umekatwa ngazi kuanzia karibu na kilele mpaka mtoni, kila ngazi ina ukuta wake wa mawe na maji yake, na maji ya wa juu ndiyo humteremkia wa chini, hivi kwamba ukigombana na jirani utalala njaa. Nyumba zao ni za mbao, zimeinuliwa juu ya nguzo, na ghala la mpunga huheshimiwa kuliko sebule. Wazee hutafuna popoo mpaka midomo iwe myekundu. Wanawake huvuna suke moja moja kwa kisu kidogo kinachofichika kiganjani, huku mmoja akiimba na wengine wakimwitikia, na wanaume hubeba miganda kwenye mianzi mabegani.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo mwenye Kiingereza kizuri, aliwaeleza wasichana kwamba pale hakuna avunaye peke yake. Leo kijiji kizima kiko kwangu, kesho tuko kwako. Ukinifanyia kazi siku moja, nami ninabaki na siku yako mpaka niirudishe. Pesa haiingii hapo, siku hulipwa kwa siku. Nikaruka kwa furaha. Nikawaambia wanafunzi wangu kwamba hata Bunyala mama yangu alilima hivyo na jirani zake, na kama mtu ameugua alimtuma mtoto wake aende badala yake. Mimi mwenyewe nimetumwa sana, na nilikuwa nikinung'unika njia nzima. Wasichana wakacheka. Nikawahesabu vichwa, kama nilivyokuwa nikifanya kila baada ya muda mfupi tangu tuondoke Riyadh.

Walikuwa wanane.

Mwalimu mwenzangu akabaki nao. Mimi nikashika njia ya juu ya ukuta, upana wake wa kutosha mguu mmoja, maji upande huu na shimo la kumaliza mtu upande ule. Nilipiga kelele nikimwita Lamya mpaka sauti ikanikauka. Kichwani nilikuwa nikitunga maneno ya kumwambia Madam Hessa, na kila nilipoyaanza yalianza na samahani. Nilimwona Lamya ameteleza. Nilimwona ameishiwa pumzi peke yake, na ile dawa iko kwenye mkoba wangu. Nilimwona amejificha na kuapa harudi. Hili la mwisho ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu ningemwelewa.

Nikamkuta ngazi tatu chini. Alikuwa amepanga mstari na wanawake wengine, abaya ameikunja kiunoni, tope magotini, kando ya mama mfupi mwenye kofia ya ukindu. Sikuwakuta wakikumbatiana wala wakilia, huenda hayo yalikuwa yameshapita. Walikuwa wanavuna. Lamya alikata suke, akakosea, na yule mama, bila kumtazama usoni, akamrekebisha kidole gumba juu ya kisu na kumwambia kwa Kiarabu cha jikoni cha Riyadh, "Shwei, shwei, habibti," yaani polepole, kipenzi changu. Nikaketi palepale ukutani.

"Wewe ndiye mwalimu," Perla aliniambia alipoinua macho. "Usiogope. Nitamrudisha."

Baadaye tulipopumzika alinionyesha ukuta wa jaruba lile. Ulikuwa umeporomoka miaka aliyokuwa Riyadh. Kaka zake walikuwa wamehamia mjini, hapakuwa na mtu wa kurudishia mawe, na jaruba likakauka na kuota nyasi. Aliporejea aliujenga upya jiwe kwa jiwe, misimu miwili. Mpunga ule tuliokuwa tukiuvuna ulikuwa wa kwanza. Alieleza hayo bila kulalamika, kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni, na Lamya alikuwa akiyatazama yale mawe.

Jioni, gari likiwa linapiga honi, Lamya alisimama mbele ya Perla, akavuta pumzi. Niliona ameshajipanga kusema lile alilolifuata toka Riyadh. Perla akamwahi.

"Leo umenifanyia kazi siku nzima," akamwambia. "Basi nina siku yako. Itabidi uje nikulipe."

Lamya akacheka, kisha akaangua kilio cha mtoto wa miaka mitano, na mimi nikalia naye. Aliyekuja kuaga hakuaga.

Katika ndege ya kurudi nilimwuliza atamwambia nini mama yake. "Akiniuliza, nitamwambia," akasema, kisha akalala. Mimi sikupata hata lepe la usingizi. Nilimfikiria Beldina na watoto wake. Niliifikiria ikama yangu, na chumba changu Al-Shumaisi, na jinsi ya kufunga miaka sita katika sanduku moja.

Madam Hessa alikuwa pale Jeddah, kwenye mlango wa kutokea, mbele ya watu wote. Alimbusu binti yake paji la uso, akamshika mikono, akahisi kitu. Akaigeuza viganja juu. Majani ya mpunga hukata, na viganja vya Lamya vilikuwa na michirizi tele.

"Hii ni nini?"

"Nilivuna mpunga, mama. Mpunga wa Yaya Perla."

Jina hilo lilikuwa halijatamkwa kati yao kwa miaka minne. Madam Hessa hakupandisha sauti. Alinitazama mimi. "Nani mwingine alijua?"

"Mimi peke yangu, Madam," nilisema, na ulimi haukuniteleza. Lamya aliinamisha kichwa asije akanitazama.

Abiria walitupita na matoroli yao. Nilingoja hukumu yangu, nikaona afadhali ije upesi.

"Nilimlipa," Madam Hessa akasema. "Kila mwezi. Sikumchelewesha hata mara moja." Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Hapo Lamya akamsimulia. Alimweleza juu ya ukuta ulioporomoka na ni miaka ipi uliporomoka, juu ya mawe, juu ya wanawake wanaovuniana, juu ya siku yake moja iliyobaki kule mlimani. Hakulaumu. Alikuwa na ile furaha ya mtoto aliyetoka ziara ya shule, na nadhani furaha hiyo ndiyo iliyomwumiza mama yake zaidi.

"Ni kweli, mwalimu?" akaniuliza.

"Ni kweli, Madam. Hata kwetu ni hivyo."

"Na asiyeweza kwenda mwenyewe, hufanyaje?"

"Humtuma mtoto wake."

Akavitazama tena vile viganja, kwa muda mrefu, akipitisha kidole juu ya mchirizi mmoja kisha mwingine.

"Siku moja," akasema.

"Siku moja, mama."

"Miaka kumi na mmoja," akasema kwa sauti ndogo, wala hakuwa akisema nasi. Akainama, akalichukua begi la Lamya, akalitundika begani mwake yeye. Walikwenda hatua chache kuelekea mlangoni, kisha akasimama na kunigeukia.

"Hiyo safari ya mwakani, mwalimu," akauliza, "itakuwa ya siku ngapi?"