Tatu Zilizofanywa Nane

Fundi wa mabango alikiri kosa lake kwa majivuno, na hayo majivuno ndiyo yaliyomuudhi binti yake kuliko kosa lenyewe.

Ilikuwa asubuhi ya Alhamisi, chai ingali inatoa moshi mezani, naye binti ameinama anafunga kamba za viatu. Aliuliza kama mtu anayeulizia jambo lililokwisha: "Baba, ile bahasha yangu uliifikisha jana?"

"Nimeifikisha," akajibu baba. "Tena nimeifikisha ikiwa imenyooka. Mshukuru Mola aliyempa baba yako mkono."

"Imenyooka vipi?"

"Nilitazama ile kadi yako, mwanangu. Nikasikitika. Nikakupandisha kidogo."

Binti aliacha kamba ya kiatu kabla haijafungwa.

Ndani ya bahasha hiyo mlikuwa na masomo yake yote. Chama cha gofu hutoa ufadhili mmoja kila mwaka, ada kamili hadi shahada, kwa kijana mchezaji aliyekwisha kuingia chuoni. Binti alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza kwa kuungaunga, na chuo kilikuwa kimemwandikia kwamba asipoleta barua ya mfadhili kabla ya mwisho wa mwezi, nafasi yake atapewa mwingine. Sharti la chama lilikuwa jepesi kueleza na gumu kutimiza: mwombaji acheze mashimo kumi na nane, mwombaji mwenzake amwandikie mapigo yake shimo kwa shimo, wote wawili watie sahihi, kisha kadi iwasilishwe pamoja na fomu kabla ya saa sita mchana wa Alhamisi. Jumatano binti alikuwa na mtihani. Akamkabidhi baba yake bahasha, akamwambia, "Dirishani tu, baba. Unampa karani, unaondoka."

Lakini fundi hakuwa mtu wa kubeba karatasi bila kuisoma. Alikuwa ameandika mabango ya maduka, ya zahanati na ya shule kwa miaka thelathini na miwili, na aya iliyo juu ya mlango wa msikiti wa mtaa ilikuwa kazi ya mkono wake. Alipoketi kwenye karakana yake, katikati ya makopo ya rangi na brashi zilizolowekwa, akaifungua kadi na kuona mistari kumi na minane yenye nne, tano na tatu, aliijumlisha kama alivyokuwa akijumlisha ripoti za shule. Kila swali, alidhani, ni alama kumi. Mtoto amepata sabini na tatu katika mia moja na themanini. Mtoto hajafika hata nusu.

"Nikasema, hapana," akamweleza binti, akimimina chai. "Mtoto wangu hajawahi kufeli. Zilikuwepo tatu tano. Tatu ukiifunga upande wa kushoto ni nane, Mungu mwenyewe ameifanya hivyo. Na hata ile jumla, sabini na tatu, ilikuwa kana kwamba inaniomba: saba nikaizungushia kichwa ikawa tisa, tatu ikawa nane. Tisini na nane! Sikuzidisha, mwanangu. Nilitaka uvuke nusu tu."

"Baba," akasema binti, na sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna ya kutisha, "katika gofu mshindi ni nani?"

"Aliyepata nyingi."

"Aliyepiga mara chache. Unahesabiwa mara ulizoupiga mpira mpaka ukaingia shimoni. Tatu ni sifa, baba. Nane ni aibu. Nane anapiga mtu aliyekuja kutembea."

Fundi aliiweka birika chini taratibu.

"Basi tisini na nane..."

"Umeniburuta mpaka mkiani! Kwa mkono wako!"

Walitoka bila kunywa chai.

Ofisi ya chama ilikuwa kwenye jengo la ghorofa moja nyuma ya uwanja. Ilikuwa na ukumbi mwembamba wenye viti vya plastiki, feni iliyokuwa ikizunguka bila kuleta upepo, na dirisha la kioo ambalo nyuma yake karani aliongea na simu kwa dakika kumi kamili, huku akiwaonyesha kidole kwamba wangoje. Fundi alitaka kugonga kioo. Binti akamshika mkono.

"Huo mkono, baba, leo upumzike."

Katibu wa chama alipowakaribisha chumbani mwake ilikuwa saa tano na dakika kumi. Alikuwa mtu mzima, mkavu, mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kifuani, na meza isiyokuwa na karatasi hata moja iliyopinda. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaitoa kadi kutoka kwenye jalada, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "wewe ni mzazi wa nne wiki hii kuja kuniomba nipunguze mapigo ya mwanawe."

"Siombi upunguze. Nasema niliyaongeza mimi."

"Wa jana alisema ni upepo."

"Mimi sisemi upepo! Mimi ndiye mghushi! Niliketi nikaghushi, nikiwa na akili zangu timamu."

"Sioni palipoghushiwa."

"Huoni kwa sababu nimefanya vizuri!"

"Baba!" akasema binti.

Fundi akarudi nyuma kitini. Ilimchoma kwelikweli, kwani katika maisha yake yote alikuwa amejitahidi kusema kweli na kuaminiwa, na leo, siku ya kwanza aliyokiri uongo, hakuna aliyemsadiki. Akaomba kalamu na kipande cha karatasi. Akaandika tatu, akaifunga ikawa nane, akamsogezea Katibu.

Katibu aliigeuza huku na huku. "Nane nzuri," akasema. "Imenithibitishia kwamba unajua kuandika nane."

"Lahaula!" fundi akasema, akalishika paji la uso kwa viganja viwili.

"Bwana Katibu," binti akaingilia, "aliyeniandikia mapigo yupo. Muulize yeye. Sahihi yake ni hiyo hapo."

"Aliyekuandikia ni mwombaji mwenzako," Katibu akasema. "Unajua alipiga ngapi? Sabini na tano, mwenyewe anamtangazia kila mtu. Kadi yako ikibaki hivi ilivyo, ufadhili ni wake. Unataka nimwite?"

"Mwite."

Fundi alimtazama mwanawe kwa macho ya kumsihi. Msichana gani wa siku hizi angeingia chumba hiki na kuitoa shahada yake kwa mdomo wake mwenyewe?

Hawakungoja sana, maana msichana huyo alikuwa pale ukumbini na bahasha yake mkononi. Wenzake walimwita Manati, kwa jinsi mpira ulivyochomoka kwenye fimbo yake. Aliingia akiwa amekasirika tayari, kwa sababu ya kusimama dirishani.

"Shikamoo, mzee. Shikamoo, Bwana Katibu. Kuna nini tena?"

Katibu akampa kadi bila kumwambia neno. Manati aliisoma mara moja, akakunja uso, akaisoma tena.

"Nane? Nani amepiga nane?"

"Mwenzako, kwa mujibu wa maandishi yako."

"Huyu? Huyu nane haijui! Shimo la pili, pigo la kwanza liligonga mti, mpira ukarudi. Nikacheka. La pili likaenda kulala chini ya bendera, nikanyamaza. La tatu ndani. Na shimo la kumi na sita aliutoa mpira mchangani moja kwa moja hadi shimoni, sikusema naye mpaka mwisho wa mchezo. Niliudhika! Mtu unayakumbuka mambo kama hayo hata kaburini." Akaigonga kadi kwa kidole. "Halafu mimi nane yangu ni duara mbili, moja juu ya nyingine, kama mtoto wa chekechea. Hizi zimeandikwa na mtu wa kazi hiyo."

Fundi alikohoa.

"Basi ukweli umedhihiri," akasema Katibu, na fundi akaanza kusema alhamdulillahi. Hakufika nusu yake. Katibu alikuwa amefungua mtoto wa meza na kutoa kitabu kidogo cha sheria, chenye jalada lililochakaa pembeni. "Lakini ukweli si wote. Sheria inasema: kadi iliyotiwa sahihi na kurejeshwa, ikiwa na idadi kubwa kuliko ya kweli, idadi hiyo kubwa husimama. Mchezaji ndiye mlinzi wa kadi yake. Tisini na nane."

"Aliyeiharibu jana kabla ya kuileta ni mimi, na ya kweli mmeijua!" fundi akapaaza sauti. "Mmeisikia kwa masikio yenu!"

"Nimeisikia. Nayo haisimami."

Binti hakushangaa. Sheria hiyo aliijua tangu nyumbani, na njia nzima alikuwa ameibeba peke yake kifuani, akiomba Katibu awe ameisahau. Akaanza kuikusanya fomu yake mezani, ukurasa kwa ukurasa, kwa utaratibu wa mtu asiyetaka kulia mbele ya watu.

Ni Manati aliyesema, tena kwa jambo lake mwenyewe.

"Basi na mimi nipokelewe, nina safari. Jana nilimtuma kaka yangu na bahasha hii, karani wenu akamrudisha. Eti kadi inarejeshwa na mchezaji mwenyewe, mkono kwa mkono, sheria hiyo. Nimepanda magari mawili kuja kusimama dirishani!"

"Ni kweli," akasema Katibu. "Ndiyo sheria."

"Ni kweli? Na huyu mzee aliyeileta jana ya mwanawe, yeye ni mchezaji?"

Aliyasema hayo kwa hasira ya kuonewa, bila kingine moyoni. Neno lilipokwisha kumtoka ndipo alipolisikia. Alimtazama binti, naye binti akamtazama, na wote wawili wakamgeukia Katibu.

Katibu alivua miwani zote mbili. Akamwita karani.

"Jana ulipokea kadi hii kwa nani?"

"Kwa Fundi," karani akajibu kwa uchangamfu. "Huyu huyu. Ndiye aliyetuandikia kibao cha hapo nje, mzee wetu kabisa. Ningemrudishaje?"

"Na yule kaka yake huyu?"

"Yule simjui."

Katibu alivuta pumzi ndefu kupitia puani. "Mlango wa ofisi hii," akasema polepole, "una sheria moja kwa anayejulikana na nyingine kwa asiyejulikana. Nitalishughulikia. Lakini kadi isiyorejeshwa na mchezaji haijarejeshwa. Kwa hiyo hii haijarejeshwa." Akaisukuma kadi mezani, kama mtu anayeondoa sahani. "Na isiyorejeshwa husahihishwa na aliyeiandika. Sasa ni saa tano na dakika arobaini na mbili."

Kadi ilisimama mbele ya Manati. Kalamu nayo ilikuwa pale, ileile aliyoiomba fundi.

"Ningenyamaza tu," akasema Manati, kama anayejisemea. "Domo langu hili!"

"Bado unaweza," akasema binti. "Hakuna wa kukulazimisha."

"Usinitie hasira zaidi. Leta."

Akakata nane ya shimo la pili kwa mstari mmoja, akaandika tatu kando yake na kutia herufi ya jina lake. Akafanya hivyo mara tano, kila mara akinung'unikia jinsi pigo lilivyokwenda. Mwisho akaikata jumla, akaandika sabini na tatu kwa mwandiko wake mbovu, mkubwa, uliopinda. Fundi alitazama tarakimu hizo zilizokwenda upande, na kwa mara ya kwanza katika uzee wake aliona maandishi mabaya yasiyohitaji kutengenezwa.

"Mwanangu," akamwambia Manati, "umejinyima."

"Mzee, nilitia sahihi kwamba alipiga sabini na tatu. Nikisema nane, sahihi yangu itakuwa ya nini? Mwakani nitaomba tena." Akasimama. "Ila wewe mwakani usishike kadi yangu."

Binti aliipeleka kadi dirishani kwa mikono miwili. Karani aliyekemewa aliipokea kwa adabu nyingi mno, akagonga mhuri, akaandika saa: tano na dakika hamsini na moja. Nyuma yake Manati akatoa yake. Saa nane mchana orodha ilibandikwa ukutani, nayo ilikuwa fupi: jina moja, na lilikuwa la binti.

Fundi alidhani mambo yamekwisha. Njiani kurudi nyumbani alianza kuongea, akataja barua ya chuo, akataja kumtengenezea Manati kitu cha shukrani, akataja jinsi Katibu alivyokuwa mgumu. Binti alikuwa akitembea hatua mbili mbele yake na hakujibu hata moja.

"Sasa umenuna nini? Umepata!"

Binti aligeuka. "Nacheza mchezo huu mwaka wa nne, baba. Umeiona kadi yangu, ukaamini nimefeli. Hukushtuka, hukuuliza. Ulichukua kalamu tu. Kwa nini hukuniuliza?"

Fundi alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kujitetea. Akayaacha moja baada ya jingine.

"Niliogopa utaniambia ni kweli," akasema.

Binti alisimama. Gari lilipita, likawarushia vumbi, nao wakalipangusa bila kutazamana. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, na hakujisumbua kuificha.

"Haya," akasema hatimaye. "Uliza sasa."

"Hiyo tatu ni nzuri."

"Ni nzuri."

"Na mbili?"

"Ni nzuri zaidi."

"Na moja?"

"Moja mtu anaweza kuipata mara moja katika maisha yake, na anaisimulia mpaka watu wanamkimbia."

Fundi alitembea akitafakari, mikono nyuma, kama alivyofanya alipokuwa akipima ukuta kabla ya kuandika.

"Basi asiyepiga kabisa..." akaanza.

"Baba."

"Nauliza tu. Umesema niulize."

"Tembea, baba. Tembea."