Shahidi Haoshwi

Kofi la askari lilimpata Hemed shavuni kabla mkono wake haujafika kwenye kifuniko cha jeneza. Alipepesuka hadi kwenye ndoo za maji, zikamwagika sakafuni. Miaka thelathini alikuwa akiwaosha wafu wa Nakuru katika chumba hiki cha msikiti: walioungua, waliopondwa barabarani, hata waliookotwa vipandevipande. Leo ameletewa mwanawe mwenyewe, anakatazwa kumgusa!

"Mzee, tulia," alisema Kanali Mwaura. "Kijana yako amekufa vitani, Somalia. Ni shahidi. Na nimeuliza, shahidi haoshwi, anazikwa na nguo zake. Si ndiyo, Imamu?"

Imamu Ubaid aliinamisha macho. "Ndiyo sheria."

Sheria ilikuwa hiyo kweli, na ndiyo iliyomuuma Hemed zaidi. Mwanawe, Kapteni Salmin, mwanamaji aliyejifunza kuogelea kwenye chemchemi za maji moto za Kariandusi, alivishwa nishani kwa kuwatoa wenzake kumi na mmoja kwenye boti ya jeshi iliyokuwa ikiwaka. Watano waliteketea, kwa kuwa mitungi ya kuzima moto ilikuwa tupu. Jumapili alimpigia babake simu. "Mzee, Alhamisi naingia kortini. Nitasema nani aliuza hiyo dawa ya mitungi. Shahidi ni mimi peke yangu." Jumatatu akapelekwa Somalia ghafla. Jumanne akafa.

"Huyu ni shahidi wa korti, Kanali," Hemed alisema. "Huyo anaoshwa."

"Mzee, hii ni order. Usinilazimishe."

Hemed alilirukia jeneza, akafungua. Uso wa Salmin ulikuwa mzima, gwanda limenyooka halina hata vumbi. Akapitisha kiganja chini ya kichwa alivyozoea kuwainua wafu wake, na vidole viwili vikazama kisogoni. Nywele pale zilikuwa zimebabuka kwa baruti. Majeraha ya namna hiyo alikuwa ameyaosha mengi. Alijua bunduki iliwekwa wapi.

"Wamempiga kisogoni!" alipiga ukelele. "Karibu kabisa! Jamani, njooni muone!"

Nje kulikuwa na watu mia mbili. Hakuna aliyeusogelea mlango. Askari wawili walikibamiza kifuniko juu ya mkono wake, wakakikalia mpaka mifupa ikalia.

Makaburini, risasi za heshima zilipigwa hewani. Askari walewale walimshika Hemed makwapani, huku na huku, mkono uliovunjika wameufunika kwa koti. Habari za saa moja zilimwonyesha vizuri sana. Mtangazaji alisema baba wa shujaa alilemewa na majonzi, ikabidi jeshi limsaidie kusimama.