Jenerali Hapendi Chumvi

Katika mji wa Shirobetsu, kisiwani Hokkaido, kaskazini mwa Japani, hapakuwa na mtu aliyeijua baridi kama Kumagai Shozo, na kama ulikuwa hujui kwamba anaijua, angekusimamisha mbele ya duka la tofu akujulishe. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mstaafu wa ghala la viazi, tena alikuwa na gari. Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, refu, la kijani, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, na lilitoka kiwandani miaka thelathini na miwili iliyopita, zamani hizo magari yalipokuwa magari. Alilipa jina la Jenerali. Mkewe Fumie naye alikuwa na majina yake ya kuliita, ila hayo aliyataja akiwa peke yake.

Jenerali alinunuliwa kwa ajili ya theluji. Hilo lilisemwa waziwazi siku aliponunuliwa, miaka kumi na moja nyuma, na Fumie alilisikia kwa masikio yake mawili: kwamba tufani ikivuma na watu wakikwama, wao watapita. Basi majira ya baridi yakaingia, halmashauri ikamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na Shozo akakumbuka kwamba chumvi hula chuma. Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Theluji ya kwanza ikidondoka, Jenerali huingizwa bandani, hupakwa grisi tumboni, hufunikwa shuka la pamba, na hulala hadi Aprili. Jumapili moja moja, jua likiwa limewaka vizuri, Shozo humtia moto dakika kumi, akasikiliza mngurumo huku amefumba macho, kisha akamzima. Hivyo ndivyo vita pekee alivyowahi kupigana Jenerali.

Safari zote za baridi zilikuwa za kigari cha Fumie, cha manjano, chenye injini inayolia kama cherehani. Ndicho kilichokwenda sokoni, hospitalini, mazishini, na ndicho kilichomleta binti yao Natsuko kutoka kituo cha treni kila mwaka mpya. Nacho kililala nje, kwa sababu banda lilikuwa la gari moja. Kila asubuhi saa kumi na mbili Fumie alitoka na kikwangulio chake cha plastiki akakwangua barafu kwenye kioo cha mbele, pumzi zikimtoka puani kama moshi. Shozo alimtazama kwa dirisha la jikoni, kikombe cha chai mkononi, na mara nyingine aligonga kioo akamwonyesha kwa kidole mahali alipoparuka.

Mwanafunzi wake mpya alikuwa jirani, binti mmoja aitwaye Arimura, mtaalamu wa mbegu za viazi aliyehamia masika yale kutoka Kagoshima, kusini kabisa, ambako theluji huonekana kwenye runinga. Shozo alimwona kama zawadi. Alimfundisha asivute breki ya mkono usiku, maana itaganda na gari halitaondoka mpaka mchana. Alimfundisha kusimamisha waipa zielekee juu, zisigande kwenye kioo. Alimfundisha kwamba katapila la halmashauri likipita alfajiri huacha tuta la theluji ngumu mlangoni kwa kila mtu, na kwamba tuta hilo ni mali ya mwenye mlango: asipige simu kulalamika kama wageni wengine, ashike koleo.

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa la dizeli. Dizeli inayouzwa kusini, alisema, ni ya kusini. Baridi ya huku ikiishika, inaganda kama mafuta ya nazi, inaziba mabomba, na gari linakufa katikati ya njia. Mtu mwenye akili anayetoka ng'ambo huja na tanki karibu tupu, akajaza huku dizeli ya baridi. Wajinga huja wamejaza. Kila mwaka anawaona, watelezaji theluji kutoka Tokyo, wameinua boneti wanatazama injini kana kwamba itawaomba radhi.

"Lakini gari langu ni la petroli, mzee Kumagai," alisema Arimura.

"Sikiliza tu, binti. Siku moja utanishukuru."

Oktoba hiyo, wiki chache kabla ya somo hilo, Shozo alikuwa amevuka kwa meli kwenda kusini, hadi Sendai, kwenye mkusanyiko wa wapenzi wa magari ya zamani. Walipigana picha, wakasifiana matairi, wakasutana rangi. Siku ya kurudi aliona mafuta kule ni rahisi, akamjaza Jenerali hadi shingoni, na alirudi nyumbani kifua mbele. Siku ya tatu theluji ikaanguka. Jenerali akaingia bandani ameshiba.

Sasa, mwaka huo mji ulikuwa na shida yake. Kati ya madereva watatu wa makatapila ya theluji, wawili walikuwa wamezeeka hadi macho yakakataa, na vijana wote walikuwa jijini Sapporo wanauza kahawa. Halmashauri ikabandika tangazo. Fumie alilisoma, akaenda kujiandikisha kabla hajamwambia mtu. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na tangu utotoni alikuwa akiamka alfajiri kusikia katapila likipita, akitamani kujua mtu aliye juu kule anaona nini. Vuli nzima alijifunza. Ulibaki mtihani, Jumanne ya pili ya Januari, saa mbili na nusu asubuhi, huko Obihiro, kilomita sitini kutoka nyumbani. Nafasi nyingine ya mtihani ilikuwa mwezi Machi, na halmashauri ilikwisha kumwambia kwamba haiwezi kungoja Machi.

Shozo alicheka alipoambiwa, akauliza kama mtambo ule una kitufe cha kupikia wali.  Fumie aliendelea kumenya figili.

Jumatatu jioni redio ikatangaza baridi ya nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na upepo wa kufagia theluji mashambani. Shozo akaweka vijiti vyake mezani na kunyoosha mgongo. Alisema kigari cha manjano hakitafika hata daraja la pili. Kesho, alisema, ni siku ya Jenerali.

Fumie alimtazama. "Baba Natsuko, nimengoja mtihani huu miezi minne. Una hakika?"

"Mama Natsuko, gari hili limetengenezwa kwa ajili ya kesho."

"Sawa. Likinifikisha kwa wakati, sitakuomba lile banda tena maisha yangu yote. Lisiponifikisha, linalala nje, na langu linaingia ndani."

Shozo alikubali upesi, kama mtu anayeahidi kutoa kitu anachojua hakitaombwa. Usiku alilala usingizi wa mtoto.

Asubuhi Jenerali aliwaka. Tuseme kweli: aliwaka. Alikohoa, akatoa moshi mweupe uliojaza banda zima, akatetemesha ndoo zilizoning'inia ukutani, lakini aliwaka, maana mafuta machache yaliyokuwa karibu na injini yalikuwa hayajapigwa na upepo. Shozo alimtoa nje polepole, akapiga honi mara mbili ili majirani wapate kufaidi, na alipokipita kigari cha manjano kilichofunikwa na barafu alikitazama kwa huruma. Fumie alikaa kando yake, bahasha ya mtihani mapajani, mikono juu ya bahasha.

Njiani alihutubu. Alimwambia asikilize injini, ahisi matairi yanavyouma barafu, aone jinsi walivyo juu ya kila mtu. Fumie alisikiliza. Walipofika karibu na kituo cha mafuta cha ushirika, kwenye njia panda ya kutokea mjini, akasema, "Mbona linapumua hivyo?"

Jenerali alikuwa anapumua kweli, kama mzee anayepanda ngazi. Shozo alikanyaga mafuta. Gari likazidi kupungua mwendo. Akabadili gia, halikusaidia kitu. Lilipata nguvu za mwisho tu za kukata kona na kuingia kituoni, na hapo Jenerali akajikunja, akatikisika mara tatu na kunyamaza mbele ya pampu ya dizeli, mahali penyewe kabisa, kana kwamba alikuja kwa hiari yake.

Mwenye zamu alikuwa Wakasa, aliyesoma darasa moja na Shozo na kumjua vizuri kupita kiasi. Alikuja anafuta mikono. "Leo makubwa. Jenerali katoka. Nijaze?"

"Limejaa," alisema Shozo.

Walifungua boneti. Shozo alilaumu betri, akalaumu hita za injini, kisha fundi aliyekwisha kufariki. Nyuma yao kulikuwa na magari manne yakingoja mafuta, na watu waliteremka mmoja mmoja, kwa heshima, mikono nyuma, kuja kumtazama Jenerali. Hakuna aliyecheka. Shozo angependa wacheke. Fumie alikuwa bado amekaa ndani, bahasha mapajani, anatazama saa ya mkononi, na ilikuwa saa kumi na mbili na dakika arobaini.

Gari la nne lilikuwa la Arimura, aliyekuwa akienda kwenye mkutano wa mbegu huko huko Obihiro. Aliinama akasalimu, akatazama chujio la mafuta ambalo Wakasa alikuwa amelifungua. Ndani mlikuwa na uji mweupe, mzito. Binti hakuwa na nia mbaya, na hilo ndilo lililoumiza. Aliuliza kwa sauti ya mwanafunzi anayetaka kuhakikisha kwamba ameelewa.

"Mzee Kumagai, haya mafuta ulijaza wapi?"

Upepo ulivuma. Wakasa alitazama angani. Shozo alikwenda kukaza kifuniko cha tanki ambacho tayari kilikuwa kimekazwa. Alihisi uso unamwaka katika nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.

"Sendai," alisema Fumie. Alikuwa ameshateremka. "Alijaza Sendai, akanisifia jinsi yalivyo rahisi." Hakupandisha sauti. Alimwomba Arimura nafasi, akaingia katika gari lake dogo, na kabla ya kufunga mlango alimgeukia mumewe. "Wewe baki naye, baba Natsuko. Asije akaingiwa na chumvi."

Mganga hajigangi, lakini angalau mganga huugulia nyumbani kwake. Shozo aliugulia mbele ya pampu ya dizeli kuanzia hapo hadi saa nne, trekta la ushirika lilipopatikana. Kila aliyekuja kununua mafuta alimsalimu, na kila aliyesalimu aliuliza, na Wakasa aliwajibu wote kwa niaba yake. Jenerali akakokotwa hadi karakana, akawekwa kando ya jiko siku mbili ayeyuke kama samaki wa barafu, na tanki lake likakamuliwa.

Fumie alifika Obihiro ikiwa imebaki robo saa. Alifaulu. Alirudi jioni hiyo na Arimura, akapika supu ya miso yenye samaki, akala vizuri. Alipomaliza kuosha vyombo tu, alichukua funguo za kigari chake akazitundika kwenye msumari wa banda, mahali ambapo funguo za Jenerali zilikuwa zimening'inia miaka kumi na moja. Shozo aliziona. Alitaka kusema kwamba rangi ya Jenerali haitavumilia, na kwamba mipira ya milango itapasuka. Kisha akasikia katika kichwa chake neno Sendai, akaingia bandani kukunja shuka la Jenerali.

Wiki ya mwisho ya Januari ilianguka theluji ya magotini. Saa kumi na moja na nusu alfajiri katapila la halmashauri likaja mtaani, taa ya njano ikizunguka, likasukuma kila kitu mbele yake, na lilipopita nyumba ya Kumagai liliacha mlangoni tuta refu, gumu, zuri, kama yale ya nyumba nyingine zote, halikuzidi wala kupungua. Shozo alikuwa amevaa buti tayari. Alishika koleo. Alipomaliza tuta alimgeukia Jenerali aliyekuwa nje, ameinua waipa zake mbili kama mtu aliyejisalimisha, kioo chote kimefunikwa na barafu nene kama kidole. Alitafuta kikwangulio, akakikuta cha Fumie, cha plastiki, kilichoisha upande mmoja kwa kukwangua.

Alikwangua. Vidole vilimwuma, kisha vikaacha kuuma, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alifikiria mahesabu ya asubuhi ngapi zimo katika miaka kumi na moja ya baridi, akaona aibu ya kweli, ile isiyohitaji mtu wa kuitazama. Aliendelea mpaka akaona kiti cha dereva kupitia kioo, akadhani amemaliza, akasimama kupumua.

Katapila lilikuwa linarudi kwa upande wa pili wa barabara. Lilisimama mkabala naye, likinguruma. Juu kule, ndani ya chumba chenye joto, alikuwa Fumie, kofia ya halmashauri kichwani, kopo la chai ya moto mkononi. Alimtazama mumewe kidogo. Kisha akagonga kioo, na kwa kidole akamwonyesha pembe ya kulia, chini, mahali alipoparuka.