Sanduku la Korea

Mimi nikishasema jambo mbele za watu, limesemwa. Ndivyo nilivyo tangu utoto, na marehemu mume wangu Feruzi alikuwa akinitania kwamba ulimi wangu hutoka nyumbani kabla yangu. Basi mwezi wa nane, mwaka wa hamsini na mbili, nilisimama mbele ya halmashauri ya kanisa letu la Mkunazini, Unguja, nikasema kwamba sisi kina mama tutapeleka sanduku Korea. Nikasema litaingia melini Jumamosi tarehe thelathini, na lisipoingia, wasinisikilize tena.

Chanzo chake ni barua. Padre alitusomea baada ya Misa, barua ya padre mwenzake aliyeko huko Korea, kwenye vita. Alisema makanisa yamebomolewa, watoto wasio na wazazi wamejaa uani kwake, na baridi ikianza hana cha kuwavika. Aliomba popote penye Wakristo wamkumbuke. Nadhani Padre wetu alitusomea ili tusali tu. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu, na moyo ulianza kunidunda kabla hajaikunja, kwa sababu nilijua stoo yetu ina nini.

Sisi hatukuwahi kupeleka kitu nje ya kisiwa hiki. Kazi yetu ilikuwa kupokea. Tangu bibi zetu walipotolewa utumwani wakalelewa kwenye shule ya misheni Mbweni, masanduku yalikuwa yakija kutoka Uingereza, na ndani yake vitabu, mbao za kuandikia na nguo. Lakini wale mama wema wa Uingereza hawakulijua jua letu. Walituletea masweta, skafu, soksi nene na glavu za sufu. Bibi zetu walishukuru, wakavitia kafuri ya kufukuza nondo, wakaviweka ghorofani kwenye stoo ya misheni. Mama zetu wakafanya vivyo hivyo, na sisi pia. Kuna nani wa kuvaa glavu Mkunazini?

Ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mzee wa kanisa, Mzee Kosmas Borafya, mtu mrefu, mjane kama mimi, aliyekuwa akisoma somo la kwanza kila Jumapili kwa sauti ya kutisha. Yeye alipinga.

"Sisi ni watu wa kupelekewa, Bi Perpetua," aliniambia mbele ya wote. "Tukijitia wapelekaji tutachekwa mpaka huko Uingereza."

Damu ilinichemka. Iliniuma zaidi kwa kuwa niliwaona watu wazima na akili zao wakitikisa vichwa kumwunga mkono. Tulibishana mpaka Padre akaingia kati, na mwisho Mzee Borafya akakubali kutuazima ufunguo kwa sharti moja: sanduku lisipoingia melini siku hiyo, kina mama wasiombe tena kupeleka kitu popote. Wabaki na kufua vitambaa vya altare na kupika Pasaka. Nilikubali kwa niaba ya wenzangu bila kuwauliza, na tulipotoka nje walinisema mpaka nikaomba radhi.

Lakini hasira zao hazikuchukua hata siku mbili. Kwanza walitaka kujua hiyo baridi ya Korea ikoje. Kwetu mwezi wa nane ni kipupwe, mtu akijifunika kanga mbili asubuhi anaona amefika mwisho wa baridi ya dunia. Agnes Makungu, mdogo kuliko wote katika chama, alikwenda kwa muuza barafu akarudi na pande lililofungwa gunia na vumbi la mbao. Tukashika kwa zamu huku tukihesabu. Hakuna aliyefika sitini. Padre akatuambia watoto wale wanalala juu ya kitu cha namna ile. Tangu siku ile hakuna aliyeniuliza kwa nini nilikubali sharti.

Tulianika, tulifua, tulitia viraka, tulifuma tena palipoliwa na nondo. Watu wawili ambao hawajasemezana tangu Krismasi ya mwaka wa arobaini na saba walikaa mkeka mmoja wakigombea sindano. Nilikuwa siwezi kula kwa furaha. Mpaka Alkhamisi ya mwisho tulikuwa na nguo tisini na sita, zimekunjwa, zimehesabiwa, na zote ziko sebuleni kwangu zikisubiri sanduku.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipoharibu.

Kwetu Unguja nguo ya kumpa mtu haitoki nyumbani bila udi. Uwe Muislamu, uwe Mkristo, hilo halina mjadala. Unaweka chetezo chenye makaa, unatia udi, unafunika tenga juu yake, unatandaza nguo juu ya tenga moshi uzipenye. Wenzangu walisema zile ni nguo za sufu zenye kafuri, ziende vivyo hivyo, mtoto mwenye baridi hatanusa. Nikawaambia sanduku langu halitakwenda Korea likinuka stoo. Walipoondoka, nikapanga matenga manne sebuleni, nguo zote juu yake, makaa mengi ili kazi iishe upesi. Kisha nikaenda kwa jirani yangu Bi Kidawa kuongeza udi, na kwa Bi Kidawa huendi ukarudi mara moja.

Harufu ndiyo iliyotutoa mbio. Ilikuwa kama vichwa vya mbuzi vinababuliwa. Tenga moja lilikuwa limelalia makaa, sweta limeshika moto, na moto umetambaa kutoka tenga hadi tenga. Tulimwaga ndoo, mitungi, maji ya kupikia, maji ya kunywa. Nyumba ilipona. Nguo zilizopona zilikuwa kumi na moja.

Mzee Borafya alikuja alipopata habari. Nilidhani atanikemea, na ningefurahi anikemee ili nami nimjibu. Alisimama mlangoni, akatazama yale majivu mabichi, akasema kwa upole, "Pole, Bi Perpetua. Nitamwambia Padre amwandikie yule mwenzake."

"Usimwambie kitu," nilisema. "Sanduku litaondoka Jumamosi."

Sikuwa na chochote cha kutia ndani yake. Alipokwenda zake nikajitupa kitandani kulia, na nililia kwa aibu na kwa ajili ya wale watoto, sijui kipi kilizidi. Nililia mpaka shavu likawaka moto, nikageuza mto kama tunavyogeuza sote, maana mto wa usufi haukai muda ila unachemka. Nikalala upande wa pili. Nao ukachemka.

Nikakaa kitako. Nikautazama ule mto. Nikachukua kisu.

Bi Kidawa alinikuta nimekaa katikati ya usufi, nimeutia ndani ya kanga mbili, nimejifunga mwilini, na jasho linanitiririka. Alidhani nimerukwa na akili. Nilimwambia atie mkono ndani. Akatia, akauacha humo kidogo, akaanza kucheka.

"Ni jiko hili," akasema. "Unataka mito mingapi?"

"Yote."

Aliniuliza kama dini inaruhusu mito ya Waislamu. Nikamwambia baridi haiulizi dini. Akajitupia buibui lake, akatoka kabla ya magharibi, akapita mlango kwa mlango kama anavyopita akialikia harusi, maana kwetu mtu haitwi kwa karatasi, huitwa kwa mdomo wa mtu anayeheshimiwa. Makungu akapita kwa Wakristo. Mimi nikaenda kwa Rajnikant, mshona nguo wa mtaa wetu, kumwomba vyerehani. Alikuwa anasitasita, ana kazi za watu, lakini mkewe Chanchal alikuwa akisikiliza kutoka ndani, akatoka.

Ukimtoa Padre, Chanchal ndiye mtu wa pekee mtaani aliyewahi kuona baridi. Amezaliwa Kachi, huko Bara Hindi, na alinieleza kwamba huko kwao asubuhi za baridi mama yake alikuwa akimvika koti la pamba lililoshonwa kama godoro. Akanionya kwamba nikijaza tu usufi ndani ya nguo utateremka wote chini, na mtoto atabaki na mabega matupu. Lazima ushone mistari, vyumba vyumba, kila chumba na usufi wake. Akachora kwa chaki juu ya meza ya mumewe. Rajnikant akatazama ile chaki, kisha akaanza kufunga vyerehani vyake kamba.

Ijumaa asubuhi uani kwa misheni palikuwa hapana pa kukanyaga. Wanawake walikuja wamekumbatia mito yao. Ilikuwepo yenye foronya za kudarizi, ilikuwepo yenye madoa ya mafuta ya nazi, na mwengine ulikuwa bado na joto la mwenyewe. Bi Kidawa alikuja na kumi na minane na wanawake wa mtaa mzima nyuma yake. Vitambaa vilitoka popote: kanga, kaniki, merikani, mapande ya Rajnikant, pazia langu la harusi. Wakataji upande huu, wajazaji pale, vyerehani vitano vinanguruma barazani, na Chanchal anapita na chaki yake akifumua kazi mbovu bila huruma. Mimi nilifumuliwa makoti mawili na sikuthubutu kusema neno.

Saa sita wanaume wa mtaani walikwenda msikitini, na waliporudi kutoka Ijumaa, wengine walikaa barazani kutunga nyuzi kwenye sindano. Wakristo tulikuwa tumefunga nyama kama kawaida ya Ijumaa, basi chakula kilikuwa muhogo na papa mkavu kwa wote, na hakuna aliyelalamika. Usufi ulikuwa hewani, kwenye nywele, kwenye kope, ndani ya muhogo. Padre alishuka ngazi na kanzu yake nyeupe, akasimama kwenye ile hewa nyeupe, akapiga chafya saba. Kisha akacheka akatuambia kwamba theluji ya kweli ikianguka huonekana vile hasa. Basi kazi ilisimama, watu wazima wakatazama juu midomo wazi. Nilitazama na mimi. Sijapata kufurahi vile tena, na nimeishi miaka mingi.

Jua lilipozama tulikuwa na makoti sitini na matatu. Pamoja na zile nguo kumi na moja, sanduku lilijaa mpaka Makungu akalikalia ndipo kifuniko kikakubali misumari. Hatukufukiza.

Jumamosi mahamali walilipakia kwenye gari lao na sisi tukalifuata hadi bandarini, Wakristo na Waislamu na Chanchal, kama tunafuata harusi. Karani wa forodha alisoma anwani mara mbili. Alisema kwa miaka yake yote ya kazi ameandika masanduku ya misheni kwenye daftari la vinavyoingia, hakumbuki kuyaandika kwenye la vinavyotoka. Nikamwambia alifungue hilo la vinavyotoka, aandike. Alipoandika, nilitaka kupiga kigelegele. Bi Kidawa akanitangulia.

Lakini mwili nao una hesabu zake. Siku mbili tulikuwa tumelala bila mito, vichwa juu ya mikono, juu ya vikapu, juu ya madaftari ya watoto. Jumapili tulipokutana kanisani hapakuwa na shingo iliyonyooka. Mmoja kichwa kimelalia bega la kulia, mwengine la kushoto, Makungu anatazama sakafu kama anayetubu. Nje nilikuwa nimepishana na Bi Kidawa, naye kajipinda, tukasalimiana kila mmoja akitazama ukuta wake. Padre alipogeuka kutusalimu na kuona kanisa zima limelala upande, ilimbidi akohoe mara kadhaa kabla ya kuendelea.

Kisha ikafika saa ya somo la kwanza. Mzee Borafya aliinuka benchi la mbele. Alitembea mpaka kwenye kitabu akiwa amenyooka kama mnara, nami nikajisemea moyoni kwamba huyu kalala vizuri, mto wake anao. Alipofika akatakiwa kugeuka kututazama. Hakugeuza kichwa. Aligeuza miguu kwanza, kisha kiuno, kisha mabega, na kichwa kikafuata mwisho kikiwa kimeganda pale pale kilipo. Akasoma lote hivyo, macho yake juu ya mlango wa pembeni.

Hakuna aliyemwona Ijumaa. Niliwauliza wote baadaye, hakuna. Mito mingi ilikuwa imeachwa mlangoni na watu wasiojitaja, nami niliipasua bila kuuliza ya nani.

Baada ya Misa nilimngoja nje. Nilikuwa na maneno mengi niliyoyatayarisha tangu Alkhamisi, makali yote, na yote nikayaacha.

"Shikamoo, mzee," nilisema. "Naona shingo inauma."

"Marahaba. Nimelala vibaya." Alikuwa akitazama mlango wa kanisa kwa kuwa hakuweza kunitazama mimi. Kisha akauliza, "Hiyo baridi ya huko, inakuja mara moja ikaisha, au inarudi?"

"Padre anasema inarudi kila mwaka."

"Kila mwaka." Aliutoa ufunguo wa stoo mfukoni akanitia mkononi. "Basi mwakani mniambie mapema, Bi Perpetua. Nna godoro."