Mshona Mapazia wa Sitirini

Sitirini ni nchi iliyolala baina ya mlima Haya na bonde la Majuto, na watu wake walikuwa mahodari wa kuficha mambo ambayo kila mmoja wao aliyajua. Ulevi ulikuwa umeila nchi hiyo kama kutu ilavyo chuma, lakini neno ulevi lilikuwa haramu kutamkwa. Mwenye nyumba akirudi amelewa, pazia zito liliteremshwa mlangoni. Majirani walipita, wakalisalimu pazia kwa adabu, wakaliuliza hali ya mgonjwa, na sauti ya mke ikajibu kutoka ndani kwamba mgonjwa hajambo. Kadiri mtu alivyozidi kunywa ndivyo pazia lake lilivyozidi nakshi, hata mgeni aliweza kutambua walevi wakubwa wa mji kwa uzuri wa milango yao. Upofu huo uliovikwa hariri ndio walioita heshima.

Dhana bin Ghururi alikuwa mshona mapazia mashuhuri, na pazia zuri kuliko yote lilikuwa la mlango wake mwenyewe. Mkewe, Stahamili, alimwambia siku moja asubuhi, "Mume wangu, nimejibu salamu za majirani mpaka koo limenikauka. Watafute watu wa Bi Bayana, wale wanaosaidiana kuacha tembo. Ukikataa, mimi na Tulia tunarudi kwa baba."

"Wale wanaomwaga siri zao hadharani?" Dhana alifoka. "Wale ni majasusi wa Liwali!"

"Huenda. Lakini Liwali ataambiwa nini juu yako ambacho muuza maji hakijui?"

Dhana alimpenda bintiye Tulia kuliko macho yake, basi akatoka kuwatafuta, huku akitangaza kila alikopita kwamba anauliza kwa niaba ya rafiki. Muuza maji alimtazama juu mpaka chini. "Rafiki yako huyo, naye amevaa kanzu ya kijani kama hii?"

"Nijibu nilichokuuliza, bwana!"

"Nyumba ya zamani ya watia rangi, baada ya alasiri. Mwambie rafiki yako aingie mlango wa mbele. Wa nyuma una mbwa."

Alikuta watu wamekaa mkekani, wakinywa kahawa ya tangawizi. Hakuna aliyemuuliza jina wala ukoo, na jambo hilo lilimtia shaka zaidi, kwa kuwa jasusi mwerevu hana haja ya kuuliza. Alichunguza kuta, akanusa kahawa kabla ya kuonja, akachagua mahali karibu na mlango. Kila mmoja alisema lililomsibu, na wenzake wakamjibu neno moja tu: "Tumekusikia." Dhana aliwaza, mmesikia ili mkamwambie nani?

Zamu yake ilipofika alitega mtego. Alisema kwa sauti kubwa kwamba ameiba zulia la msikiti wa Ijumaa, akaliuza, fedha akazinywea tembo.

"Tumekusikia," wakasema.

Kesho yake alikwenda kunyolewa kwa Umbea, kinyozi ambaye siri haikulala kinywani mwake. Alisikia habari za talaka, za mbuzi aliyepotea na za jipu la Kadhi, lakini zulia halikutajwa. Akarudi tena na tena mpaka Umbea akamcheka. "Bwana Dhana, kichwa hiki sasa kina nini cha kunyoa? Au unataka nikutoe na ubongo?"

Ukimya huo ulimkasirisha kuliko fitina. Alirudi nyumba ya watia rangi, akasimama mbele ya Bi Bayana, mama mnene mwenye sauti ya upole. "Mnaficha nini nyinyi? Nimewapa kashfa ya kuangusha mji, nanyi mmekaa kimya!"

"Mwanangu, zulia lile tumeswalia juu yake Ijumaa," akasema Bi Bayana, na mkeka mzima ukaangua kicheko.

"Mlijua ni uongo? Mbona hamkuniumbua?"

"Wengi wetu tulianza kwa uongo. Mimi nilisema nimekuja kumsindikiza dada yangu, na dada sina. Keti, kahawa inapoa."

Dhana aliketi. Hasira yake ilitafuta adui isimpate, na ulimi wake uliozoea majivuno ukawa mzito kama wa mtoto. Mwishowe alisema, "Binti yangu hajaanza kusoma. Lakini akisikia nyayo zangu uchochoroni, hukimbia kuteremsha pazia. Hakuna aliyemfundisha. Mimi ndiye niliyemfundisha."

"Tumekusikia," wakasema, na safari hii hakuuliza wamesikia ili wamwambie nani.

Alirudi nyumbani jua lingali juu, akamweleza mkewe neno lile lile alilolisema mkekani. Stahamili alimsogelea, akamnusa pumzi bila kuona haya, kisha akamkazia macho.

"Umesema maneno mazuri. Mazuri nimeyasikia mengi."

"Huniamini?"

"Sikuamini, mume wangu. Utakwenda tena kesho?"

"Nitakwenda."

"Basi tutafuatana, mimi na wewe na Tulia," akasema, akafungua kasha lililokuwa limefungwa tayari kwa safari ya kwa baba yake, akatoa viatu vya mtoto. "Tutakaa pale nje, tuone kama kweli unaingia."