Utani wa Msibani

Damu ilikuwa imekaukia kwenye kola ya Shamsa. Jacqueline, aliyempiga usoni kwa dasta ya ubao mbele ya darasa zima, alisimama kando yake katika ofisi ya nidhamu akitazama viatu.

"Viboko vinne, kisha asimamishwe," alikuwa ameagiza Mkuu wa Shule, Mwalimu Mwinyimvua. "Tukimwachia, kesho watang'oana meno."

Mwalimu Sitara wa nidhamu hakumlaumu mkuu. Katika shule ile iliyobanwa na maduka ya Kariakoo, cheche moja ilitosha. Lakini Jacqueline alikuwa kidato cha nne. Kumsimamisha sasa ni kumfungia mlango wa mtihani.

"Alikuambia nini?" Sitara alimuuliza Jacqueline.

Shamsa ndiye aliyejibu.

"Nilimuuliza kama walidondosha sarafu kabla ya kumzika baba yake. Si wanasema Mchaga asipogeukia mlio wa sarafu, ndiyo kafa kweli? Utani tu, mwalimu. Mimi Mpare, huyu mtani wangu kabisa!"

"Baba yangu si kichekesho!" Jacqueline alifoka.

Sitara, Mzaramo, aliukumbuka msiba wa mama yake. Mtani wao wa Kinyamwezi alijilaza kwenye jeneza tupu akidai kahawa, hata waliokuwa wakilia wakacheka. Lakini ndiye aliyeteka maji tangu alfajiri, na mikono yake ilikuwa ingali na udongo wa kaburi.

"Shamsa, ulikwenda msibani kwao?"

"Sikwenda."

"Mtani hubeba kazi za msiba kwanza, ndipo acheke."

"Ningebeba, mwalimu. Nani alituambia? Tulimwona tu karudi na kitambaa cheusi cha msiba."

Maneno yale yalimwingia Sitara. Ruhusa ya kwenda Moshi kuzika aliitoa yeye mwenyewe. Akasema pole, akarudi kusahihisha madaftari. Nyumbani kwao Jacqueline ni hapo Mchafukoge, mwendo wa miguu, na hakuna mwalimu aliyekwenda kuhani.

Mwinyimvua alichungulia mlangoni. "Umemaliza?"

"Bado, mkuu. Amekosa, na atalijibu kosa lake. Ila usimsimamishe leo. Niachie mpaka kesho."

Mkuu aliitazama plasta usoni mwa Shamsa, akaguna. "Kesho asubuhi. Siyo mchana."

Mlango ulipofungwa, Sitara aliwavutia viti wote wawili.

"Tumechelewa kuhani, mwanangu," alimwambia Jacqueline. "Marehemu alikuwa akiitwa nani?"

"Pantaleo."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Jacqueline alifungua kinywa, lakini kilio kikatangulia. Shamsa alimtazama mwalimu kana kwamba anaomba ruhusa. Hakungoja jibu, alisogeza kiti chake karibu na cha Jacqueline.