Mate ya Bi Mapozi

Nawaambia, asubuhi ile moyo ulikuwa unanidunda mpaka nikadhani mbuzi wanausikia!

Lori lilishafika. Yule mfugaji aliyenipa alpaka wangu wawili, wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu kama ngamia, jike na dume, alikuwa amesharudi nalo, amefungua mlango wa nyuma, anangoja. Masharti yalikuwa ya mama: jike asiposhika mimba safari hii, wanarudi walikotoka, na zizi lenye kivuli linarudi kwa mbuzi wake. Mama ana mbuzi kumi na mmoja, sungura, na bata wasio na adabu, na wote anawajua tabia. Alpaka ndio waliomshinda. "Miaka miwili nalisha shingo," alikuwa akisema. "Nimeona wapi shingo ikazaa?"

Mimi nami, kwa ubishi wangu, nilikuwa nimejifunza kipimo. Unamleta dume mbele ya jike. Jike akikunja miguu akaketi, amemkubali, yaani tumboni hamna kitu. Akiwa na mimba, hataki hata kumwona: anamtemea mate. Mara tatu tulishampandisha, mara tatu nikampima, na mara zote jike wangu, Bi Mapozi, aliketi kama mgeni aliyeletewa kiti. Hii ilikuwa ya nne, na ya mwisho.

"Haya, mlete bwana harusi," mama akasema. Alikuwa amejifunga kilemba chake cheupe cha kutokea, eti anaaga wageni.

Nikamleta dume, tunayemwita Mheshimiwa, kwa kamba. Mdomo haufungi. "Mama, sogea, utakanyagwa!" Wapi! Mama hasogezwi kwenye zizi lake. Alisimama palepale, mikono kiunoni.

Bi Mapozi akamtazama mumewe. Akainamisha kichwa. Halafu, jamani, goti la mbele likaanza kukunjika! Nikafumba macho. Nilitaka kulia, sisemi uongo. Nikamsikia mwenye lori anashusha ubao wa kupandishia.

"Fumbua macho, we!" mama akapiga kelele.

Kumbe Bi Mapozi alikuwa anajikuna pua kwenye goti tu. Sasa alisimama wima, masikio kayalaza nyuma, kidevu juu, anakoroma. Mheshimiwa akapiga hatua moja. Pwaa! Dume akainama upesi. Mate ya kijani, yananuka majani yaliyochacha, yakampita juu yakatua usoni mwa mama, kilemba na vyote.

Hata bata walinyamaza.

Mama akajifuta jicho moja kwa kidole. Nikajua leo nimekwisha, mimi na alpaka wangu.

"Ana mimba huyu," akasema polepole. "Mimi nilipokuwa na mimba yako, baba yako nilikuwa sitaki kumwona hata dirishani." Kisha akamgeukia mwenye lori, sauti juu. "Baba, funga mlango wako, geuza gari! Mjamzito hasafirishwi!"

Niliruka, nikamkumbatia na uvundo wake wote. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Jioni nilitaka kukifua kile kilemba. Akaninyang'anya. Kilikaa kwenye kamba siku mbili, mpaka majirani wote wakaoneshwa doa la kijani.

"Mjukuu wangu huyo," anawaambia. "Ameshabisha hodi."